Sajini Hajafika Riyadh

Kila Ijumaa mchana nyumba ya kina Metrine, katika mtaa wa Al-Mahjar jijini Jeddah, ilijaa Wakenya hadi viatu vikamwagika ngazini. Walikuja kula ugali na kupashana habari za nyumbani. Siku hizi walikuja pia kumtazama baba yake, Sajini Zacharia, akiomba kura.

Sajini alikuwa mwanajeshi mstaafu. Sasa alimwendeshea gari bosi mmoja wa mtaa wa Al-Rawdah, lakini roho yake ilikuwa Bungoma, alikotaka kuchaguliwa mwakilishi wa wadi. Aliwahutubia wapiga kura kwa simu ya video, na mshika simu alikuwa Metrine, msichana wa miaka kumi na miwili.

"Inua mkono, koplo. Unanikata kidevu."

"Baba, mkono umekufa ganzi. Na mimi si koplo."

"Mkono wa raia huo," Sajini alisema. Wageni wakacheka. Metrine akashusha pumzi.

Kule Bungoma watu walikusanyika kwenye kinu cha kusagia mahindi. Mbele kabisa aliketi Mama Peris. Binti yake, Winfred, alikuwa mfanyakazi wa nyumbani Riyadh, na simu yake ilikuwa kimya kwa wiki kadhaa. Sajini alikuwa ameahidi kwenda ubalozini huko kumtafuta.

"Mheshimiwa, ulifika Riyadh?" Mama Peris aliuliza.

"Niko huku sasa hivi, mama. Operesheni inaendelea."

Simu nusura imponyoke Metrine. Riyadh ni safari ya siku nzima kwa basi, na jana baba yake alishinda sebuleni akibishania rangi ya fulana za kampeni. Wageni waliinamia sahani zao.

"Metrine, mwanangu," Mama Peris alisema, "umemwona dada yako Winfred?"

Sajini alimkonyeza. Metrine alimtazama yule mama aliyekaza macho kwenye simu.

"Hapana, mama. Tuko Jeddah. Baba hajaenda."

Sajini alipokonya simu, akaikata. "Umeniuza, Metrine."

"Kila siku unasema kesho, Baba. Mama Peris anajua mwanawe anatafutwa, na hakuna anayemtafuta."

Damaris, mama yake Metrine, alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Halas, imetosha. Zacharia, jeshini askari akiripoti yuko lindoni, kumbe amelala kitandani, mlimfanya nini?"

Sajini aliweka simu mezani. "Tulimfunga."

"Na wewe unaomba lindo la wadi nzima."

Sajini alipiga simu tena, akamwomba Mama Peris radhi mbele ya wote. Kisha akamwomba bosi ruhusa, na kesho yake akapanda basi la Riyadh. Maafisa wa ubalozi walimsaidia kumpata Winfred. Kumbe madam aliyemwajiri alikuwa amemnyang'anya simu. Siku alipopatikana, Winfred aliongea na mama yake, wote wawili wakilia.

Ijumaa iliyofuata Sajini alisimama mbele ya wageni, Metrine kando yake.

"Kura nitapata au nitakosa," alisema. "Lakini huyu mtoto amenifunza. Ukimdanganya mwenye shida kwamba umeshafika, unamfanya aache kutafuta msaada kwa mwingine. Heri umwambie bado hujaondoka."