Mke wa Mfungwa wa Ngomeni

Walijuana kwenye foleni ya benki, mwisho wa mwezi, watu wamebanana hadi mlangoni. Mlinzi alimzuia fundi cherehani kwa sababu ya mkasi uliokuwa mkobani mwake. Kijana mmoja mrefu, shati lake limepigwa pasi mpaka limesimama, akaacha nafasi yake, akatoka nje kumshikia. Mwanamume wa kukushikia mkasi juani wala hakujui, huyo humwachi. Naye hakumwacha.

Kijana alikuwa mtembeza wageni katika ngome ya wakoloni, kwenye kijiji kilichokwisha kumezwa na mji. Mapenzi yakanoga, simu asubuhi, simu jioni, mpaka siku mteja mmoja alipokuja kujaribu gauni, akatoa simu kumwonyesha picha. Mtembeza wageni yumo ndani ya selo, ameupitisha mkono kwenye nondo, kaushika wa mteja, macho yamemlegea.

"Kaniambia akishaondoka nisiolewe na mwingine," mteja akasema. "Nililia kweli, dada."

Fundi alikuwa na pini mdomoni. Akambana mteja gauni kiunoni hadi akaomba kupumua. Wivu hauna adabu hata kwa anayekulipa.

Jioni simu ikaita.

"Kipenzi, umekula?"

"Waulize unaowashika mikono."

Kijana akajieleza kwamba ni kazi. Kila msafara yeye huigiza mfungwa aliyehukumiwa kunyongwa kwa kuwakatalia wakoloni kodi, na mgeni mmoja wa kike huwa mke aliyekuja kuagana naye. Hapo ndipo alipoharibu. Kila msafara mke mpya! Fundi akakata simu, akalala akijiuliza kama na yale aliyoambiwa yeye yalikuwa maigizo.

Kesho yake akavaa gauni jekundu, la mgongo wazi, akakata tiketi kama mgeni. Kwenye mnara wa kumbukumbu kijana alisoma taratibu majina ya walionyongwa, kila jina na pumzi yake, na fundi nusura asahau kilichomleta. Kisha wakaingia selo. Kijana alikuwa anamnyooshea kidole msichana wa miwani, fundi akamtangulia.

"Leo mke ni mimi."

Wakashikana mikono kwenye nondo. Kijana akaanza maneno ya kila siku, akayaachia katikati.

"Sema," fundi akanong'ona. "Wenzangu huwa unawaambia nini?"

"Wale nawaambia maneno ya marehemu. Wewe nikikuambia hayo nitakuwa nakuaga, na mimi sitaki kukuaga. Nataka kukuoa."

Wageni wakapiga makofi wakidhani ndivyo mchezo ulivyo. Fundi alikuwa analia waziwazi.

"Nimekubali," akasema. "Ila kuanzia leo unachagua vikongwe."

"Na kikongwe akinipenda?"

Fundi akaubana mkono wake. Msafara uliofuata ulipofika mlangoni bado alikuwa hajauachia ule mkono, na mke wa msafara huo pia akawa yeye.