Aliyeogeshwa Siku za Wageni

Mahali ambapo watu hulipa ili waoge, hutarajii kupokewa na harufu ya mwili usiooga. Lakini Syombua alipovua viatu mlangoni mwa kile chumba na kukanyaga mkeka, harufu ndiyo iliyompokea. Haikuwa kali. Ilikuwa ya shuka iliyolaliwa muda mrefu, na mkojo uliokauka, na mafuta ya kuchua viungo. Alisimama pale, begi mkononi.

"Mutanu, hapa hakunuki kitu?"

"Kunanuka pesa," wifi yake akajibu, akajitupa kwenye godoro la chini na kucheka kile kicheko chake cha kuamsha mtaa. "Mama Ndeti, hebu wacha wasiwasi. Umekuja kupumzika."

Hoteli yenyewe ilikuwa mjini Machakos, ghorofa za vioo na mbao nyeusi, na jina la Kijapani ambalo hakuna aliyejisumbua kulitamka. Watu waliiita Kwa Mjapani, yakaisha. Mwenyewe alichimba kisima kirefu akitafuta maji ya kawaida, yakatoka ya moto, yenye chumvi na mvuke, akaamua kujenga nyumba ya kuogea kama zile za kwao. Mgeni analala chini juu ya mikeka, anavaa joho jepesi la pamba, anafungua mlango kwa kadi, na akitaka anateremka kujilowesha katika bwawa la maji moto mpaka mifupa ilegee. Kwa mtu wa Katangi kama Syombua, ambako punda anashinda njiani akitafuta maji, kuona maji yakifurika na kuishia mtaroni mchana kutwa kulitia hasira kidogo.

Syombua hakujileta. Mutanu, aliyekuwa mwalimu hapo mjini, na ndugu zake ndio waliochanga. Ilikuwa shukrani. Mama yao, ambaye wote walimwita mwaitu kama Wakamba wanavyomwita mama, alikuwa amepooza upande mmoja, akalala nyumbani kwa Syombua mpaka alipofariki. Siku ya mazishi kila aliyeshika maikrofoni alimtaja mke wa Mutunga, mke aliyemwogesha mama mkwe wake kila siku, hata kiangazi kilipokausha kila kitu. Watu walimpigia makofi kando ya kaburi, jamani. Syombua akainamisha kichwa, nao wakasema, tazama alivyo mnyenyekevu.

Alasiri waliteremka kuoga. Winrose, mhudumu wa bafu la wanawake, aliwaeleza masharti kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kanisani. Nguo zote zinabaki nje. Kwanza unakaa kwenye kigoda mbele ya bomba, unajisugua kwa sabuni mpaka utakate, ndipo uingie bwawani. Uchafu wako hauingii kwenye maji ya watu.

"Uchi mbele ya wifi yangu! Mwaitu angeona hii angetutafutia fimbo," Mutanu alisema. Hapakuwa na mtu mwingine humo ndani. Akasogeza kigoda chake nyuma ya Syombua na kuanza kumsugua mgongo bila kuulizwa. "Leo ni zamu yako kuogeshwa. Hii mikono yako, Mungu aibariki. Mimi ni mtoto wake wa kuzaa na singeweza hiyo kazi. Kila nikija nilikuwa namkuta msafi, amepakwa mafuta, ananukia. Nilikuwa narudi nikilia kwa furaha."

Syombua alikaza macho kwenye bomba. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mutanu alikuwa na adabu zake. Hakuwahi kwenda kwa kakake bila kupiga simu. Mutunga naye alikuwa kwenye kazi za ujenzi huko Kinanie, na kabla ya kuja nyumbani alipiga simu. Simu ikilia, Syombua aliwasha moto, akapasha maji, akamsugua mama mkwe wake toka utosini hadi unyayoni na kumtandikia shuka safi. Hizo zilikuwa siku za wageni. Siku nyingine zote aliufunga mlango wa chumba kile ili harufu isifike jikoni. Wala si kwamba maji hayakuwepo. Tangi lilikuwa na maji, ila yalikwenda kwenye nyanya zake. Nyanya zilimpa moyo; mwaitu alimchosha, kwa uzito wake na vidonda vyake, na kwa vile alivyozoea kusema kwa upole, bila lawama, "Mwana wakwa, niogeshe." Mtoto wangu, niogeshe. "Maji hakuna, mwaitu," Syombua angejibu, na ndoo iko mkononi. Vidonda vya mgongoni, watoto wa mwaitu waliambiwa ni vya ugonjwa wa sukari. Na lililomkeketa zaidi ni kwamba walipomuuliza mama yao anatunzwaje, mama mzee yule alimtazama Syombua kwanza, kisha akasema, "Vizuri sana."

Waliingia bwawani. Mutanu alifumba macho na kuegemeza kichwa kwenye jiwe. Mvuke ulikuwa mzito hata vigoda vilivyoachwa ukutani havikuonekana vizuri, na huko kwenye vigoda ndiko kulikotoka kikohozi, kikavu, cha mtu asiyetaka kusumbua.

Syombua hakugeuka. Alijiambia ni bomba, ni hewa kwenye mabomba, ni Winrose anapanga taulo, lakini ile harufu ya chumbani ilikuwa imeteremka ngazi ikawafuata, ikakaa juu ya maji pamoja na mvuke, na katikati ya harufu hiyo sauti aliyoijua ikasema polepole, kama mtu aliyekwisha kusubiri sana na anaweza kusubiri tena, "Mwana wakwa, niogeshe."

"Umesema nini?" Mutanu aliuliza, macho bado yamefumbwa.

"Joto limenizidi. Natoka kidogo."

Alitoka akiteleza, akanyakua joho, akapita mlango na kuusukuma ukajifunga nyuma yake.

"Mama Ndeti?" Mutanu aliita kutoka ndani. "Nani huyu amekaa hapa? Mama Ndeti, kuna mtu. Wee, Mama Ndeti, rudi! Syombua!"

Mutanu angefungua. Mlango ule mtoto mdogo angeufungua. Lakini Syombua aliushika kwa mikono miwili akiwa upande wa nje, akauvuta kwake kwa nguvu zote kusudi kilicho ndani kisimfuate, na akaendelea kuuvuta Mutanu alipoanza kupiga mbao kwa viganja, na akaendelea kuuvuta hata viganja viliponyamaza, mpaka Winrose alipotokea na taulo na kumuuliza, "Madam, mbona umeshika mlango?"

Walimkuta Mutanu amekaa kwenye kigoda mbele ya bomba, mkono mmoja unaning'inia, kinywa kimevutika upande. Alikuwa anangoja.

Daktari aliyeitwa hotelini alipima hiki na kile, akasema mapigo ni mazuri, apelekwe kesho kupigwa picha ya kichwa, maana leo mashine haifanyi kazi. Walimlaza kwenye godoro. Syombua alibaki naye, na harufu ilikuwa sasa inatoka kwenye ngozi ya Mutanu mwenyewe, yule Mutanu wa marashi na losheni. Jua lilikuwa bado halijazama. Syombua alijaza beseni maji moto, akapiga magoti kwenye mkeka na kuanza kumwosha, uso, shingo, kwapa, katikati ya vidole, kwa upole ambao hakuwahi kumpa aliyeustahili, huku akinong'ona samahani, samahani, akidhani labda hilo ndilo linalotakiwa, labda Mutanu akitakata, lililomwingia litatosheka na kwenda zake, na alipofika miguuni kinywa kile kilichopinda kikafunguka na sauti ya marehemu ikauliza, kwa udadisi tu, "Leo wageni ni akina nani?"

Beseni lilimponyoka.

Mutunga alifika asubuhi, uso umemshuka. Winrose naye alikuwa amempigia simu Kamanthe, mama wa maombi anayeuza dengu sokoni, ambaye watu wa Machakos humwendea wakiona mambo yamepita dawa. Kamanthe aliingia bila kuziba pua. Aliinama juu ya Mutanu, akamtazama kwa muda.

"Huyu si mama yenu," alisema. "Mama yenu amepumzika. Hili ni jini la huko chini walikotoboa. Halina sauti yake, linaazima. Na linaazima kwa mtu aliye na kitu cha kuficha."

Aliomba, akakemea, jasho likamtiririka. Jini lilicheka kwa kinywa cha Mutanu na kuomba taulo. Hapo Kamanthe aliacha kupiga kelele, akageuka.

"Linasema liko na haki ya kukaa. Kuna uongo limeukalia. Aliyeusema auseme ukweli hapa, mbele ya mtoto wa marehemu, na huyo mtoto amsamehe kwa mdomo wake. Basi. Litakosa pa kukaa. Lakini ni leo. Likilala ndani yake siku nyingine, huyu msichana mtamzika."

Mutunga alimtazama mkewe kama anayeuliza mama huyu anaongea nini. Syombua alifikiria nyumba yake. Alifikiria mwanawe Ndeti akisikia, kanisa likisikia, soko lote la Katangi. Kisha akatazama godoro. Jicho moja la Mutanu, lile la upande mzima, lilikuwa la Mutanu mwenyewe. Lilikuwa linamlilia.

"Ni mimi," alisema. "Mutunga, sikumwogesha mwaitu."

"Syombua, usiseme hivyo."

"Sikumwogesha! Nilikuwa namwogesha mkipiga simu. Mkienda nafunga mlango. Maji yalikuwa kwa tangi, nilimwagilia nyanya. Alikuwa akiniomba. Alikuwa akiniomba kila siku, na vile vidonda si sukari, ni mimi."

Harufu ilipungua. Wote waliisikia ikipungua. Kinywa cha Mutanu kikaanza kunyooka, kidogo kidogo, na vidole vyake vikapapasa shuka.

"Sasa wewe," Kamanthe alimhimiza Mutunga. "Haraka. Sema umemsamehe."

Mutunga alitikisa kichwa. "Nimwonee mke wangu? Mimi nilikuwa naenda nyumbani. Niliona kwa macho yangu. Mama alikuwa msafi."

"Ulikuwa unapiga simu kwanza. Amekwambia."

"Nyamaza!" Alisimama. Kama angeamini maneno hayo, lingefuata swali jingine, yeye mwenyewe alikuwa wapi, na hilo hakuwa tayari kuulizwa na mtu yeyote. "Hilo shetani sasa limemwingia na mke wangu, linamsingizia! Na wewe unalisaidia! Toka! Toka hapa!"

Alimshika Kamanthe mkono akamtoa hadi nje na kufunga mlango. Syombua alimfuata kwa magoti juu ya mkeka, akamkumbatia miguu.

"Nisamehe, baba Ndeti. Usiamini, sawa, usiamini. Lakini sema tu. Sema neno moja. Nakuomba."

Mutunga alimwinua. Alimfuta machozi kwa vidole vyake vikavu vya saruji, akiwa analia yeye mwenyewe, na kwa upendo ambao Syombua hakuwa ameuona kwake miaka mingi.

"Nikusamehe nini, Mama Ndeti?"

Nyuma yake, kwenye godoro, kinywa kilikuwa kinapinda tena. Mutunga aliokota beseni, akalijaza maji moto na kumwekea mkewe mikononi.

"Mwogeshe dada yangu," alisema. "Hakuna mwingine anayejua kama wewe."