Jaël Anamsomea Bibi

Katika kambi ya zamani ya wafanyakazi kule Panda, Jaël alimsomea bibi yake kila jioni. Macho ya bibi huyo, ambaye nyumbani wanamwita Kambo, yalikuwa yamefifia. Asiposomewa, hata bukari, yaani ugali, hakuitaka.

Kabedi, mama yake Jaël, akataka kumtia binti moyo. "Kila siku ukisomea Kambo, nitakupa sukre."

Jaël alifurahia soda hizo. Lakini sasa alisoma mbiombio, akimeza maneno, kisha akanyoosha mkono. Jioni moja soda haikuwapo.

"Basi leo sisomi," alisema.

"Mbele ulikuwa unasoma bule."

"Mbele ni mbele, mama."

Kabedi akamtisha kwa fimbo. Jaël akasoma, sauti ikiwa kama ya mtu anayetangaza msiba.

"Leka mutoto," Kambo alimzuia Kabedi polepole. "Minye sitaki kusomewa kwa nguvu."

Maneno hayo yalimchoma Kabedi. Asubuhi alimwendea jirani yake Simone, mwalimu wa saikolojia, yaani elimu ya mawazo na tabia za watu. Alimkuta akianika nguo.

"Madame Simone, mutoto yangu iko na tamaa." Akamsimulia habari za kitabu na soda.

"Mama Jaël, mbele alikuwa anasoma kwa sababu gani?"

Kabedi akafikiri. "Alipenda tu. Banacheka na kambo yake."

"Ile furaha ilikuwa mushahara yake. Weye ukaleta sukre, akaona kumbe ni kazi ya kulipwa."

"Sasa zawadi ni mubaya?"

"Hapana. Kazi muntu haipendi, zawadi inaweza kumusaidia kuanza. Lakini kitu anapenda mwenyewe, ukimuahidi malipo kila siku, mapenzi inaweza kupunguka. Moyo iko na njaa zake: kuchagua mwenyewe, kuona anaweza, kuwa karibu na bantu. Lisha ile njaa."

Kabedi alirudi nyumbani akamwita binti yake. "Nilikosea. Sukre tutakunywa siku tukiipata, hata kama haukusoma. Kitabu, chagua weye. Kama umechoka, pumzika."

Jioni kadhaa zilipita bila kitabu. Kabedi hakumhimiza. Kisha Jaël akatoka na kitabu chake cha jiografia, akaketi karibu na Kambo, akasoma habari za ziwa lililo upande wa Kapolowe, alikozaliwa bibi yake.

"Banasema samaki pale ni kidogo?" Kambo aliuliza. "Ile muntu aliandika hajavua na baba yangu."

Jaël akacheka. "Mulikuwa munavua namna gani?"

Kambo akaeleza, mikono ikivuta wavu usioonekana. Jaël akauliza tena, akasoma tena.

"Yale majina ya samaki ya mugumu umeyasoma muzuri," Kabedi alimwambia. Jaël akajinyoosha kitini, akafungua ukurasa mwingine.

Bukari iliiva. Kabedi akaita, wala hakuna aliyeinuka.

"Mama, ngojea kidogo," alisema Jaël.

Kabedi akafunika sahani, akavuta kiti, akaketi kusikiliza.