Alama ya Nyumba ya Mzee Aboud

Zuleikha alikuwa kitandani na homa siku ya tatu, lakini sindano yake ilikuwa ikishona katika chumba cha kazi. Harusi, dada yake mkubwa, aliisikia alipoamka usingizi wa mchana: uzi ukivutwa, kimya kidogo, uzi ukivutwa tena. Alipofungua mlango hakuona mtu. Mkeka wa Zuleikha ulikuwa na joto, na chumba kizima kilinuka udi ilhali chetezo cha kufukizia kilikuwa baridi.

Harusi akajua. Nyumba yao, tangu ilipokuwa Siyu mpaka ilipohamia Malindi, ilishona kofia za mabwana wakubwa, kofia moja kwa miezi minne, na ndani ya kila kofia mmoja tu wa familia ndiye hutia alama ya nyumba. Mwaka huo, 1984, baba yao alimpa Zuleikha alama hiyo. Zuleikha, aliyefundishwa kushika sindano na Harusi mwenyewe! Wivu ulimwingia Harusi. Juzi, akifukiza kofia za mteja, alisema juu ya moshi, "Heri jini aketi mkekani pale kuliko Zuleikha." Basi jini naye ana masikio.

Mzee Aboud akaingia, akaokota mkekani kofia mpya iliyokwisha kushonwa. Akaigeuza, akaisogeza kwenye mwanga.

"Subhanallah! Nani kashona hii?"

Tangu azaliwe, Harusi hajapata kutazamwa na baba yake kwa macho yale.

"Mimi, baba."

"Basi alama ni yako, mwanangu."

Furaha ya Harusi haikufika sala ya magharibi. Mkono wake wa kulia ulichukua sindano wenyewe, ukashona, ukashona alipokula na aliposali, ukamaliza kitambaa ukahamia leso aliyojifunga, ukamaliza leso ukahamia ngozi ya goti lake, kitobo baada ya kitobo, vitobo vizuri ajabu, huku damu ikichuruzika na harufu ile ya udi ikimtoka yeye kinywani.

Mganga Mwambire akaitwa kutoka Gede. Alitazama mara moja, akasema:

"Jini huyu ana wivu, binti. Kazi yake umejipa wewe. Sema mbele ya babako kuwa kofia ile si yako, ataondoka sasa hivi."

Zuleikha alikuwa mlangoni, kashika ukuta, akimtazama dada yake kwa huruma. Huruma ile ilimuuma Harusi kuliko sindano.

"Sema, mwanangu," mzee alilia. "Alama nitamrudishia Zuleikha, wewe upone."

"Ni yangu," Harusi akasema kwa sauti yake mwenyewe, na sindano ikaanza goti la pili.