Nyuki wa Thornmere

Vuuum. Mlio mmoja tu nyuma ya ukuta, kisha kimya.

Augusta, binti wa mfalme, aliketi kitandani. Ilikuwa Januari, theluji imelala nje, na nyuki hawaruki Januari. Isitoshe, mlio ule ulitoka chumba cha watoto, kilichofungwa tangu mdogo wake alipofariki.

Asubuhi, akikoroga uji, alimsimulia Bi Hester, yaya aliyewalea.

"Tumbo lako hilo, binti. Jana hukula," Hester alimtania. Lakini kikombe chake alikiweka chini bila kunywa.

Desturi ya nyumba ile ya Thornmere ilijulikana. Akifa mtu, mizinga hugongwa kwa ufunguo na nyuki huambiwa jina la marehemu. Wasipoambiwa, huja wenyewe kuuliza. Baba alipokufa waliambiwa. Mdogo wake alipokufa, Augusta alikumbuka sasa, hakuna aliyegonga.

"Kwa nini, Hester?"

Yaya aliutazama mlango. "Nani angethubutu kuwadanganya nyuki?" alinong'ona.

Ndipo akayatoa yote. Mtoto hakufa. Miguu yake ilipinda, maneno hayakumtoka sawasawa, na Malkia, mama yao, akaona ni aibu kwa taji. Akiwa na miaka sita alipelekwa kwenye nyumba ya wagonjwa milimani, na jina lake likapigwa marufuku. Miaka ishirini aliishi huko, akiinua kichwa kila mlango ulipofunguliwa, akidhani ni dada yake. Simu kutoka huko iliingia alfajiri. Usiku ule ule wa mlio, alikuwa amefariki kweli.

Miaka yote hiyo Augusta alipeleka maua kaburini. Kumbe mle alizikwa mwanasesere. Na mama yake alimshika mkono pale, akilia naye.

Alichukua ufunguo. Malkia alikuwa amesimama mlangoni.

"Watunza bustani watasikia," alisema taratibu. "Ukilitaja jina lake, mwanangu, tumekwisha."

"Ulilia, Mama. Ulilia nami."

Akampita, akatoka.

Chini ya dirisha la chumba cha watoto, theluji ilikuwa na alama. Unyayo mmoja, wa mtoto. Kando yake, mfuo wa mguu ulioburutwa. Unyayo. Mfuo. Unyayo. Zilikwenda hadi mzingani.

Hazikurudi.

Mzinga ulikuwa ukivuma. Augusta akagonga mara tatu. Ukanyamaza, kama mtu aliyetega sikio.

Nyuma yake Malkia alianza kulia. Safari hii Augusta hakugeuka.

"Nyuki," alinong'ona, "bibi yenu mdogo amefariki. Anaitwa Rosamund."