Fundi Aliyesahau Kujipima

Mtaa mzima ulimwita Fundi. Hata mama mkwe wake alimwita hivyo. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilikuwa mahali pa kazi. Cherehani ilikaa dirishani, penye mwanga. Mkewe alikaa kwenye stuli karibu na mlango. Yeye alishona vifungo, alipinda mapindo na kupiga pasi. Kutwa nzima walikuwa pamoja, wakipiga soga na kutaniana.

Mwaka mmoja, daktari alimwambia Fundi kwamba sukari yake ya damu imepanda. Alikuwa bado hajawa mgonjwa, lakini alikuwa mlangoni mwa ugonjwa. Fundi aliogopa sana. Baba yake pia alikuwa fundi, na ugonjwa wa sukari ulimpofusha. Miaka yake ya mwisho mzee alikaa mbele ya cherehani yake, akiipapasa tu.

Kwa hiyo Fundi alijiunga na programu ya afya kwenye zahanati. Kila jioni alitembea na wenzake. Aliacha soda. Alipunguza mafuta na wanga, na nusu ya sahani yake ikawa mboga. Miezi ikapita. Sukari ikashuka, na tumbo likashuka pia. Fundi akapunguza suruali zake zote. Siku ya kufunga programu watu walimpigia makofi, na mkewe akarudi nyumbani akitembea kifua mbele.

Wiki iliyofuata, wazazi walianza kuleta vitambaa vya sare. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Fundi alishona toka asubuhi mpaka giza. Jioni hakutembea.

"Nitatembea sare zikiisha," alisema.

Wateja walimhurumia, wakamletea soda za kumpoza. Sare ziliisha. Soda hazikuisha. Mkewe alipomkumbusha kutembea, alimjibu kwa mzaha kwamba yeye ameshahitimu, na aliyehitimu harudi darasani. Mkewe alicheka, lakini moyoni hakucheka.

Siku moja mkewe alikuwa akipiga pasi suruali ya mumewe. Alipofika nyuma, kiunoni, akasimamisha pasi. Kando ya mshono palikuwa na mstari wa vitundu vidogo vya sindano. Ulikuwa mshono wa zamani. Umefumuliwa, na suruali imeongezwa. Akachukua suruali nyingine. Vilevile. Ya tatu, vilevile.

"Baba watoto," alisema, "hizi suruali umeziongeza lini?"

Fundi hakugeuka. "Kitambaa kimerudi. Si unajua, kikifuliwa kinarudi."

"Kitambaa hiki hakirudi. Kila mteja unamwambia hivyo, nami nipo hapa nasikia."

Fundi akainamia cherehani. Ni kweli, watu wengine wakinenepa, suruali huwabana, nao hushtuka. Yeye hakuwahi kubanwa. Kila kiuno kilipoongezeka kidogo, alifumua kidogo. Ufundi wake ulimfichia habari za mwili wake mwenyewe.

Mkewe hakugomba. Alikunja suruali, akasema kwa sauti ya chini, "Sitaki kukuona ukiipapasa cherehani."

Siku hiyo hiyo alasiri, jirani yao muuguzi alikuja na gauni lake la kazi lililochanika. Ndiye aliyeongoza ile programu. Aliona soda mezani, akamwona na Fundi akiisukuma nyuma ya majora ya kitambaa.

"Usiifiche, shemeji. Nimeshaiona," alisema akicheka.

Fundi aliona haya. Akajitetea kwamba programu iliisha, kundi likatawanyika, na kazi zikawa nyingi.

"Iliyoisha ni yetu," muuguzi alisema. "Ya kwako ndiyo ilikuwa inaanza. Hiyo tepu ya kupimia iliyo shingoni mwako, umewahi kujipima nayo?"

"Mganga hajigangi," mkewe aliitikia kutoka kwenye stuli.

Fundi akasimama. Akapitisha tepu kitovuni, akaisoma. Akaisoma tena. Hakuwaambia amesoma nini, lakini aliketi taratibu kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

"Basi nimeharibu kila kitu," alisema.

Muuguzi akamuuliza, "Uzi ukikatika katikati ya mshono, nguo unaitupa?"

"Naitupaje? Natunga uzi upya, naanzia pale ulipokatikia."

"Na hapa ni hivyo hivyo. Kila mtu huteleza. Hatari si kuteleza siku moja. Hatari ni kusema, kwa kuwa nimeteleza, acha nilale hapo hapo. Mlo mmoja ukikushinda, mlo unaofuata urudi kwenye njia."

Kisha akawaeleza kwa nini wengi hurudi nyuma. Wakati wa programu kulikuwa na kundi la kumvuta mtu, na saa iliyopangwa. Programu ikiisha, vyote viwili huondoka. Kwa hiyo zoea jipya lazima lifungwe kwenye jambo ambalo mtu analifanya kila siku. Lazima pia apate mwenzake. Na nyumba nayo ipangwe ili kilicho chema kiwe karibu, na kile kibaya kiwe mbali.

"Wewe kila siku unafanya nini bila kukosa?" alimuuliza.

"Namaliza nguo," Fundi alijibu.

Palepale wakapanga. Nguo zilizokwisha hazitangoja wenyewe waje. Kila jioni Fundi na mkewe watazipeleka kwa miguu, hata kama ni shati moja. Jagi la maji likawekwa kando ya cherehani. Kila akimaliza vazi, atasimama ajinyooshe kabla ya kushika lingine. Atajipima kiuno kila mwezi, na mkewe ndiye atakayeisoma tepu. Muuguzi akamwambia pia aende zahanati kupima sukari, kwa kuwa tepu haioni ndani ya damu. Akaenda. Sukari ilikuwa imeanza kupanda tena.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Miguu ilimuuma. Wateja walimletea soda, naye akajifunza kusema, "Asante, niletee maji." Siku ya harusi ya mpwa wake alikula kupita kiasi. Asubuhi alitaka kukata tamaa, lakini mkewe akamwekea maji mezani na kumwambia, "Tunga uzi." Jioni wakatoka kutembea. Baada ya miezi michache sukari ikashuka tena.

Msimu wa sare ukarudi. Vitambaa vilijaa mpaka kitandani. Jioni moja mama mmoja alimkuta Fundi akifunika cherehani, akanung'unika kwamba shule inafunguliwa keshokutwa.

"Sare yako itakuwa tayari, mama," Fundi alimwambia. "Lakini nisipoyatunza macho haya, mwaka ujao utashonewa na nani?"

Yule mama akaguna, kisha akawapisha.

Baada ya shule kufunguliwa, Fundi alikwenda zahanati. Mkewe alisubiri kwenye benchi la nje, vidole vikichezea kifungo cha blauzi. Mumewe alipotoka, uso wake haukuonyesha kitu.

"Vipi?" mkewe aliuliza.

"Hakuna jipya. Sukari ilishuka miezi mingi iliyopita, na bado iko chini vilevile."

"Hata baada ya sare?"

"Hata baada ya sare."

Mkewe alitamani kupiga vigelegele, lakini pale palikuwa na wagonjwa. Akamgeukia mama aliyeketi kando yake, mtu asiyemjua hata kwa sura.

"Huyu ni mume wangu," alisema. "Programu yake iliisha zamani. Yeye hajaisha."

Fundi akatazama chini kwa haya, lakini alikuwa akitabasamu. Yule mama akamtazama kuanzia juu mpaka chini.

"Mimi nimeambiwa leo kwamba sukari yangu imepanda," alisema. "Yeye alifanyaje?"

"Unaelekea wapi?" mke wa Fundi aliuliza.

"Sokoni."

"Na sisi njia yetu ni hiyo hiyo. Inuka, mama. Tutakueleza tukitembea."