Meza Tatu za Maabara

Msichana huyu aliitwa Chapuchapu, na jina lilimkaa sawasawa. Aliosha vyombo chapuchapu, akafagia chapuchapu, na mara nyingi mama yake alilazimika kupita nyuma kumalizia pembe alizoziruka. Kila alasiri, akitoka shule, aliingia katika karakana ya baba yake, fundi seremala, kuzoa maranda yaliyojaa sakafuni. Kazi hiyo aliipenda, maana baba alikuwa mtu wa mzaha na kulikuwa na vicheko tele.

Siku moja alimkuta baba ana furaha isiyo kifani, penseli sikioni.

"Mwanangu, ile shule ya sekondari ng'ambo ya barabara imejenga maabara tatu: ya kemia, ya biolojia na ya fizikia. Wanataka kwanza meza moja ya mfano kwa kila chumba. Wakiridhika, zote zilizobaki tutatengeneza sisi."

"Tutakuwa na kazi mwaka mzima, baba."

"Ndiyo maana sitaki mchezo. Mimi nimebanwa na milango ya zahanati. Nenda ukamwulize kila mwalimu anataka meza ya namna gani. Kila mwalimu, umesikia?"

"Nimesikia, baba."

Kweli, alianza vizuri. Mwalimu wa kemia alimkaribisha katika chumba chenye madirisha makubwa, akaweka kiganja kiunoni pake. "Iwe ya juu kufika hapa," alisema. "Wanafunzi wangu hufanya kazi wamesimama. Asidi ikimwagika, mtu aweze kuruka nyuma upesi."

Alipotoka nje aliwakuta rafiki zake wanaruka kamba. Vyumba vile vingine viwili vilikuwa palepale karibu, lakini kamba ilikuwa inazunguka na zamu yake imefika. Alijiambia kwamba maabara ni maabara tu, na jioni akamwambia baba kuwa walimu wote wanataka meza za juu, za kusimamia.

"Hata wa biolojia?" baba aliuliza.

"Hata yeye," alijibu upesi, akainama kuzoa maranda.

Baba alizitengeneza meza zile kwa moyo wake wote, akazikaza kwa misumari mirefu, kisha wakazipeleka shuleni kwa mkokoteni. Mwalimu wa kemia aliisifu yake. Kwa biolojia mambo yakaanza kwenda mrama. Mwalimu wa biolojia, mama mmoja mfupi na mcheshi, aliweka hadubini juu ya meza na kuketi kwenye stuli. Hadubini ikawa juu ya kichwa chake.

"Fundi, hapa tunakaa saa nzima tukichungulia vijidudu," alisema akicheka. "Au unataka niwapandishe wanafunzi mezani?"

Mwalimu wa fizikia hakucheka. Aliweka dira juu ya meza yake, na sindano ikageukia kona moja. Akaisogeza, nayo ikageukia kona nyingine.

"Misumari ya chuma," alisema. "Hapa tunapima nguvu za sumaku, na meza hii itatudanganya kila siku. Kwa nini hukuniuliza, fundi?"

"Nilikuuliza, mwalimu. Nilituma mtu."

"Hakuja mtu kwangu. Samahani, lakini siwezi kufanya kazi na fundi asiyesema kweli. Tutatafuta mwingine."

Baba aliinama, akaanza kuikokota meza yake kuelekea mlangoni. Aibu ikamchoma Chapuchapu. Baba anaitwa mwongo, naye hajakosa lolote. Akajikaza kisabuni.

"Baba hasemi uongo," alisema. "Mtu aliyetumwa ni mimi. Nilimwuliza mwalimu wa kemia peke yake, nikaenda kucheza. Nisameheni."

Mwalimu alimtazama, kisha akamtazama baba. "Fundi, niwie radhi," alisema. "Nitawasubiri hadi wiki ijayo. Na wewe, binti, kaa hapa tuongee."

Safari hii Chapuchapu alisikiliza, akauliza na kuuliza tena. Fizikia ilitaka meza nzito isiyotikisika, isiyo na chuma hata kidogo. Biolojia ilitaka meza fupi, karibu na dirisha, ili mwanga uingie kwenye hadubini. Wiki nzima, akitoka shule, alimshikia baba mbao. Baba alikata miguu ya meza moja, akang'oa misumari ya nyingine na kuiunga upya kwa gundi na vijiti vya mbao. Chapuchapu alisugua kila pembe kwa msasa, polepole.

Walipozirudisha, mwalimu wa biolojia aliketi akatulia. Mwalimu wa fizikia aliizungusha dira meza nzima, na sindano ikabaki kuelekea kaskazini. Akampa baba mkono.

"Fundi, meza zilizobaki ni zako."

Wakirudi nyumbani na mkokoteni mtupu, Chapuchapu alikuwa na furaha, ila jambo moja lilimsumbua.

"Baba, bado una hasira nami?"

"Hasira ilikwisha palepale uliposema kweli," baba alijibu. "Meza ndefu nimeipunguza kwa msumeno. Misumari nimeing'oa kwa koleo. Lakini uongo wako, mwanangu, kama usingeutoa mwenyewe, karakana yangu nzima haina chombo cha kuutoa."